Nyota za kale juu ya Nyakabanda: anga moja, nchi nane

Na Mwandishi Wetu, Kigali

SAA mbili usiku, wiki ya pili ya Juni. Mvua za masika zimekatika, na kilima cha Nyakabanda, katika wilaya ya Nyarugenge, kimejaa harufu ya mishikaki na muziki wa madukani. Pikipiki zinapanda kutoka Nyamirambo zikinguruma. Watu watatu tumejibanza nyuma ya ukuta wa nyumba moja, mahali ambapo taa ya barabarani haitufikii, tukitazama kusini.

Wa kwanza ni mimi, nikiwa na darubini ya macho mawili niliyoiazima kwa rafiki anayeongoza watalii katika hifadhi ya Akagera. Wa pili ni mzee jirani yangu, dereva mstaafu wa malori aliyeendesha njia ya Mombasa na Kigali kwa miaka mingi. Wa tatu ni kijana mchoma mishikaki, aliyeliacha jiko lake kwa dakika tano akimwambia mdogo wake alitazame.

"Mzee wangu, Msalaba wa Kusini uko wapi?" namuuliza. Yeye hahitaji darubini.

"Ule pale. Na wale wawili wanaong'aa upande wa kushoto ndio walinzi wake. Nikilala Voi nilikuwa nawaona. Nikilala Malaba, nawaona. Nikifika Gatuna, wako palepale."

Kutoka kwa wale walinzi wawili, chukua yule aliye karibu na Msalaba. Panda juu mpaka ukutane na nyota moja ya wastani, kisha endelea kupanda kiasi kilekile. Hapo jicho tupu katikati ya Kigali halioni kitu. Darubini inaona kidoa cha ukungu, cha mviringo, kisicho na ncha kali kama nyota.

Kijana anatazama, anafuta kioo kwa shati, anatazama tena. "Hili ni vumbi," anasema.

Si vumbi. Ni nyota zipatazo milioni 10 zilizosongamana mahali pamoja. Wanafalaki wanakiita Omega Centauri, na nuru iliyoingia katika jicho la yule kijana ilianza safari miaka 17,000 hivi iliyopita. Wanaochunguza matope ya chini ya Ziwa Victoria wanatuambia kwamba karibu na wakati huo ziwa lenyewe lilikuwa limekauka. Nuru iliondoka kule ziwa likiwa uwanda mkavu, ikafika Nyakabanda likiwa na meli, sangara na migogoro ya mipaka ya uvuvi.

Makala haya yanahusu vitu vya aina hiyo, na kwa nini sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuvijua kuliko watu wengi duniani.

Kilimia ni mtoto

Waswahili wanalijua fungu la nyota tangu zamani. Kilimia, zile nyota sita au saba zinazokaa kama kishada, ndizo zilizowaambia wakulima wa pwani na bara wakati wa kushika jembe. Jina lenyewe limetoka katika kulima. Lakini Kilimia ni fungu changa: lina nyota kama elfu moja tu, na umri wake ni miaka milioni 100 na kidogo. Yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, ambaye mifupa yake inakaa Berlin hadi leo, aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Hakuwahi kuiona Kilimia. Ilikuwa haijazaliwa.

Omega Centauri ni jambo jingine. Nyota zake nyingi zina umri unaokaribia miaka bilioni 12. Jua letu lina miaka bilioni 4.6. Kwa hiyo Jua lilipowaka kwa mara ya kwanza, nyota hizi zilikuwa tayari zimekula umri mkubwa kuliko ule Jua lililonao sasa.

Mafungu ya namna hii, yenye umbo la mpira na nyota kuanzia makumi ya maelfu hadi mamilioni, yanayojulikana katika galaksi yetu ni zaidi ya 150. Hayakai ndani ya ule mkanda wa Njia Nyeupe tunaouona angani. Mengi yanauzunguka kwa mbali, juu na chini, kama nyuki wanavyouzunguka mzinga.

Hapa nilikwama kidogo kama mwandishi. Tuyaite nini? Wachache wanaoandika falaki kwa Kiswahili huyaita mafungu tufe, kwa kuwa tufe ni umbo la mpira. Nimelichukua neno hilo. Kama Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kule Zanzibar, itatupatia lililo bora, tutalitumia; lakini isichukue miaka bilioni 12.

Jiko lenye feni

Unajuaje umri wa nyota? Haina cheti cha kuzaliwa. Nilipojaribu kumweleza mzee, maneno yalinitoroka, na aliyeniokoa ni mchoma mishikaki.

Yeye ana majiko mawili. Kubwa limefungwa feni ndogo. Wateja wakiwa wengi, feni inapuliza, na gunia zima la makaa linateketea kabla mechi ya televisheni haijaisha. Dogo ni la kuwekea chai. Amelijaza makaa kiganja kimoja, akayafunika kwa jivu. Mpaka asubuhi bado yana moto.

Nyota ziko hivyohivyo. Nyota kubwa ina mafuta mengi, lakini inayachoma kwa pupa. Yenye uzito wa Jua mara 10 humaliza maisha yake katika makumi machache ya mamilioni ya miaka. Jua litaishi miaka bilioni 10 hivi kwa jumla. Nyota ndogo kuliko Jua zitaendelea kuwaka kwa makumi ya mabilioni.

Sasa chukua fungu ambalo nyota zake nyingi ziliwashwa karibu wakati mmoja, za kila ukubwa. Tazama ni ipi iliyo kubwa zaidi ambayo bado inawaka kwa kawaida. Ukiijua hiyo, umeujua umri wa fungu. Katika mafungu tufe, nyota zote zenye uzito wa Jua na zaidi zimekwisha kuchoka. Zilizobaki ni zile zenye uzito wa sehemu nane kwa kumi ya Jua kushuka chini. Ni majiko madogo yenye jivu juu.

Kuna ushahidi wa pili. Ulimwengu ulipoanza ulikuwa na haidrojeni na heli, na karibu hakuna kingine. Chuma, kama kile cha vijiti vya mishikaki na kile kilicho katika damu yetu, kilipikwa baadaye ndani ya nyota na kusambazwa zilipolipuka. Kila kizazi cha nyota kinarithi chuma kingi kuliko kilichotangulia. Mafungu tufe mengi yana chuma kati ya sehemu moja kwa kumi na sehemu moja kwa mia ya kile kilichomo katika Jua. Yalizaliwa kabla jiko la ulimwengu halijapika vya kutosha.

Hesabu hizi ziliwahi kuwaaibisha wataalamu. Mpaka miaka ya kati ya 1990, baadhi ya vipimo vilionesha kuwa mafungu tufe yana miaka bilioni 15 au zaidi, huku vipimo vya kasi ya kutanuka kwa ulimwengu vikisema ulimwengu mzima una umri mdogo kuliko huo. Mtoto alikuwa amemzidi mama yake miaka! Mzee alicheka sana aliposikia hilo. "Kwa hiyo mmoja wao alikuwa anadanganya umri," alisema.

Wote wawili walikuwa wamekosea. Mwaka 1997, vipimo vya satelaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos vilisaidia kuonesha kwamba mafungu yako mbali zaidi kuliko ilivyodhaniwa, hivyo nyota zake zina mwanga mkali zaidi na umri mdogo zaidi. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yakagundua kuwa kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, jambo lililorefusha umri wake. Leo hesabu inakaa sawa: ulimwengu una miaka bilioni 13.8, na mafungu ya kale kabisa yako chini kidogo ya hapo.

Taa ziko mashariki

Ukisimama Nyakabanda usiku ukageuka polepole, utaona taa nyingi za Kigali ziko upande wa mashariki, kilima baada ya kilima. Upande wa magharibi kuna giza la Mlima Kigali. Hata kama hukuwahi kuiona ramani ya jiji, utajua kuwa uko pembeni mwake.

Hivyo ndivyo Mmarekani Harlow Shapley alivyogundua, mwaka 1918, kwamba Jua letu haliko katikati ya galaksi. Alipima umbali wa mafungu tufe akitumia nyota zinazopwesa, akifuata njia iliyofunguliwa na Henrietta Leavitt, mwanamke aliyekuwa akikagua picha za anga kule Harvard. Akaona kwamba mafungu mengi yamerundikana upande mmoja wa anga, ule wa kundi la Mshale. Kitovu kiko huko. Sisi tuko pembezoni, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi. Shapley alizidisha umbali huo mara mbili na zaidi, lakini upande aliupata.

Kundi hilo la Mshale, saa nne usiku mwezi wa Juni, linapanda upande wa mashariki wa Nyakabanda, na kufika saa saba usiku linapita karibu juu kabisa ya vichwa. Huko Ulaya linatambaa chini, kwenye ukungu wa upeo.

Hapa ndipo maneno ya mzee kuhusu Voi, Malaba na Gatuna yanapopata uzito. Kigali iko takriban digrii mbili kusini mwa ikweta. Nairobi ni moja na kidogo. Kampala iko karibu juu ya mstari wenyewe. Gitega, Juba, Mogadishu, Kinshasa, Dodoma: miji mikuu yote minane ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko ndani ya digrii saba za ikweta. Aliye ikweta anaona anga yote, ya kaskazini na ya kusini. Mkazi wa London hawezi kuiona Omega Centauri akiwa kwao hata akikesha mwaka mzima. Haipandi juu ya upeo. Mkazi wa Cape Town anayo Omega Centauri juu kabisa, lakini mafungu ya kaskazini kwake ama hayapandi ama yanainama chini. Kutoka Nyakabanda, mafungu tufe yote ya galaksi yetu yanayojulikana hupanda juu ya upeo wakati fulani wa mwaka, ingawa machache yanabaki chini sana kiasi cha kufichwa na kilima au moshi.

Ushuru wa forodha tumekuwa tukijadiliana tangu Rwanda ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2007. Anga hii tulikuwa nayo pamoja bila mkataba.

Uhuru iliyorushwa kutoka Ngomeni

Kisa kinachonigusa zaidi katika habari hii hakiko Kigali bali pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi, mahali paitwapo Ngomeni. Huko, ndani ya bahari, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma lililoitwa San Marco. Walichagua pale kwa sababu ya ikweta: dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapo, na roketi inapata msukumo wa bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa hilo ikibeba satelaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Waliorusha walikuwa Waitaliano. Mkuu wa mradi upande wa NASA, mwanamke aitwaye Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji wake: Uhuru.

Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Hewa ya dunia inazizuia zisifike ardhini, na hilo ni jema kwa afya zetu, ila anayetaka kuziona lazima atoke nje ya hewa. Kwa miaka miwili na zaidi ilizunguka ikipekua anga yote. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339.

Baadhi ya vyanzo hivyo vilikuwa ndani ya mafungu tufe, na hakuna aliyelitarajia jambo hilo. Mafungu tufe yalidhaniwa kuwa nyumba za wazee: nyota ndogo, tulivu, zinazongoja kuzimika. Kumbe ndani yake mlikuwa na moto mkali kupindukia. Ukilinganisha idadi ya nyota, vyanzo vikali vya eksirei vimo katika mafungu tufe mara 100 hivi zaidi ya sehemu nyingine za galaksi.

Jibu ni msongamano. Zile nyota kubwa zilizokufa zamani hazikuondoka zote; baadhi ziliacha mizoga iitwayo nyota za nyutroni, mpira wenye upana wa kama kilomita 20 na uzito unaozidi wa Jua. Huku kwetu pembezoni mwa galaksi, mzoga kama huo unaweza kukaa peke yake milele. Katikati ya fungu tufe nyota zimebanana kama abiria wa stendi ya Nyabugogo siku ya mkesha wa sikukuu. Mzoga unamkamata jirani, unamnyonya gesi, na gesi inapoanguka inapata moto wa mamilioni ya digrii na kutoa eksirei.

Kimojawapo kimo katika fungu liitwalo NGC 6624, upande wa Mshale. Mwaka 1987 wataalamu walitangaza kuwa ndani yake nyota mbili zinazungukana kwa dakika 11 tu. Dunia inahitaji mwaka kulizunguka Jua. Hizo zinamaliza mzunguko kabla mishikaki haijaiva. Jina rasmi la chanzo hicho ni 4U 1820-30. Ile U ni Uhuru. Mpaka leo mwanafalaki wa Tokyo au Boston anayeandika juu yake anaanza na herufi ya neno letu, na sijui ni wangapi kati yao wanaolitambua.

Jukwaa lilelile likarusha satelaiti nyingine, SAS-3, tarehe 7 Mei 1975. Mwaka uliofuata ikaona kitu kinachotoa milipuko ya eksirei mfululizo, wakati mwingine maelfu kwa siku. Mmarekani William Liller alipotafuta mahali hapo kwa darubini akiwa Chile, alikuta fungu tufe lililojificha nyuma ya vumbi la galaksi. Linaitwa Liller 1.

Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Aliistahili. Lakini nikirudi kwenye ile tarehe ya Desemba 1970, naona bahari ilikuwa yetu, ikweta yetu, hata jina letu, na usomaji wa yaliyoonekana ukafanyika kule ng'ambo, kwenye maabara za Massachusetts. Kama ile mifupa ya Tendaguru. Simlaumu Townsend, aliyetupa heshima ambayo hakulazimika kuitoa. Nasema tu kwamba jina halimfundishi mtoto hesabu.

Nani anasoma sasa?

Hali imebadilika kiasi, na zaidi upande wa kusini mwa bara. MeerKAT, sahani 64 za kunasia mawimbi ya redio zilizozinduliwa mwaka 2018 katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, imekuwa hodari wa mafungu tufe. Ndani ya Omega Centauri peke yake ilipata mwaka 2023 pulsa 13 mpya, yaani mizoga ya nyutroni inayozunguka na kumulika kama mnara wa taa za meli, juu ya tano zilizokuwa zimejulikana. Januari 2024 ikatangazwa kwamba katika fungu la NGC 1851, ambalo pia lina chanzo katika orodha ya Uhuru, kuna pulsa inayozungukana na kitu kizito mno kuwa nyota ya nyutroni ya kawaida na chepesi mno kuwa shimo jeusi lililozoeleka. Mpaka sasa hakuna anayejua kwa hakika ni nini.

Mradi mkubwa unaokuja, SKA, una nchi wabia za Afrika mbali na Afrika Kusini yenyewe: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Katika nchi nane za Jumuiya yetu, iliyomo ni Kenya peke yake. Sahani ya zamani ya mawasiliano ya Longonot, katika Bonde la Ufa, imetajwa kwa miaka mingi kuwa itageuzwa iwe darubini ya redio. Jirani zetu wa Ethiopia wana darubini mbili za kipenyo cha mita moja kwenye mlima Entoto, juu ya Addis Ababa.

Darubini kubwa, hata hivyo, si lazima iwe mlangoni pako. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kustaafishwa mwaka 2025, ilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja, na vipimo vyake vimewekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Mwanafunzi wa Bujumbura anaweza kupakua nyota za fungu zima na kutafuta ile inayokaribia kuchoka, kwa njia ileile ya jiko na makaa. Kinachohitajika ni mwalimu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kinafundisha falaki. Chuo Kikuu cha Nairobi pia. Na hapahapa Nyarugenge, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ipo tangu 2018 taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, EAIFR, inayoungwa mkono na kituo cha kimataifa cha ICTP cha Trieste, Italia, na inayopokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nje ya Rwanda vilevile. Kutoka pale tuliposimama na darubini yetu, motari anakufikisha muda si mrefu.

Nimeliona hili kuwa jambo kubwa kuliko darubini yoyote. Soko la pamoja la kabeji na saruji tunalisikia kila siku. Soko la pamoja la walimu wa fizikia halina hata msemaji.

Galaksi nayo ina historia ya muungano, na si ya kuiga. Wataalamu wengi wanaamini kuwa Omega Centauri ilikuwa kitovu cha galaksi ndogo ambayo Njia Nyeupe iliimeza zamani za kale, ikazinyang'anya nyota zake na kuuacha moyo tu. Mwezi Julai 2024 watafiti waliokagua zaidi ya picha 500 za darubini ya Hubble, zilizopigwa kwa miaka 20, walitangaza kwamba nyota saba karibu na kitovu hicho zinakwenda kasi mno. Zingekuwa zimekwisha kutoroka kama pasingekuwa na shimo jeusi linalozivuta, lenye uzito wa Jua mara 8,200 kwa uchache. Nilimwambia mzee kwamba huo ni muungano wa mkubwa kummeza mdogo mpaka akabaki moyo. Akasema kwenye mizani za barabarani aliwahi kuiona.

Taa na giza

Kuna jambo moja la kusema kuhusu taa, na nalisema nikijua sitapendwa. Kigali imewasha barabara zake, na Nyakabanda imefaidika. Mama anafunga duka saa tatu usiku bila hofu. Mtoto anarudi na mkate. Sitabadilisha usalama huo kwa nyota milioni 10. Lakini taa nyingi zinamulika juu na pembeni, ambako hakuna mtu wala mwizi, na umeme huo unalipiwa. Taa yenye kofia inayoelekea chini inaangazia njia vilevile na kutuachia anga. Rafiki yangu wa Akagera anasema kule Omega Centauri anaiona kwa macho matupu. Hapa kwetu tunahitaji ukuta wa jirani.

Anayetaka kujaribu asingoje. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri, kwa kuwa mawingu ni machache, ingawa vumbi la kiangazi linaongezeka kadiri Agosti inavyokaribia. Chagua siku ambayo mwezi haujachomoza. Mwanzoni mwa Juni, Omega Centauri iko kusini saa mbili usiku, karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Fungu lingine, M4, liko kando kidogo ya ile nyota nyekundu iliyo moyoni mwa Nge. Ni moja ya yaliyo karibu nasi kabisa, miaka ya nuru 6,000 hivi. Darubini ya macho mawili inatosha kwa yote mawili.

Sisi tulikaa mpaka saa tano, kwa sababu nilitaka kumwonesha mzee la kaskazini pia. M13 hupita saa hiyo juu ya upande wa kaskazini, kama kidoa kidogo hafifu kuliko cha kusini. Nilimweleza kwamba mwaka 1974, kutoka Arecibo, Puerto Rico, wanasayansi walilitumia fungu hilo salamu kwa mawimbi ya redio, kama kuna mtu huko. Salamu zitafika baada ya miaka 25,000 hivi.

"Na jibu?"

"Miaka 25,000 mingine, mzee."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema barua zake za kutoka Mombasa, enzi zile, zilikuwa zinafika nyumbani baada yake. Akachukua tena darubini, akageukia kusini, akaanza kumtafuta yule mlinzi wa karibu na Msalaba ambaye sasa alikuwa ameinama upande wa magharibi. Kule chini mdogo wa mchoma mishikaki alikuwa anaita kwamba makaa yamekwisha.